Betri Mpya, Pikipiki Haiwaki: Tuanzie Wapi?

Ndugu wanakamati wa sharika, pamoja na marafiki mnaochangia usafiri wa miradi yetu,

Kati ya maombi ya fedha za matengenezo yanayofika ofisini, yapo yanayofanana sana. Betri ya pikipiki ilikufa, kamati ikanunua mpya, fundi akaifunga, na pikipiki ikagoma kuwaka. Hapo kamati huambiwa inunue kitu kingine cha bei kubwa zaidi, mara nyingi stata. Somo la robo hii linahusu mambo ya kuangalia kabla ombi hilo halijaandikwa.

Tuchukue mfano wa pikipiki inayofanya kazi upande wa Matwebe, wilayani Rungwe. Humbeba mhudumu wa afya pamoja na boksi la chanjo kwenda vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa mvua. Betri mpya ilifungwa, pikipiki ikawaka, watu wakafurahi. Siku ya tatu ikabaki kutoa mlio wa "tak, tak" kila kitufe cha stata kilipobonyezwa. Vijana wakaisukuma kwenye mteremko bila mafanikio. Siku mbili za kliniki ya watoto ziliahirishwa, na ombi la fedha za stata likatufikia. Stata ilikuwa nzima.

Kilichotokea ni hiki. Betri iliyonunuliwa ilikuwa na ukubwa uleule, lakini upande wa chanya ulikuwa kushoto badala ya kulia. Fundi alifunga waya kama zilivyokuwa zimekaa mwanzo, fyuzi ikakatika papo hapo, akagundua, akageuza waya na kuweka fyuzi nyingine. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Lakini katika muda ule mfupi umeme uliopita kinyume ulikuwa umeunguza rektifaya, yaani kile kifaa kinachobadili umeme unaozalishwa na injini ili uweze kuingia kwenye betri. Tangu hapo betri mpya ilitumika tu bila kujazwa, mpaka ikaisha. Rektifaya ilibadilishwa, betri ikachajiwa, kazi ikaendelea. Gharama yake haikufika nusu ya fedha zilizoombwa.

Mbona haikuwaka hata kwa kusukumwa? Pikipiki hazifanani. Nyingine moto wa plagi hutoka moja kwa moja kwenye koili ya injini, na hizo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Nyingine moto huo hutoka kwenye betri, na betri ikiisha hata mteremko wa Rungwe hausaidii. Kila kamati ijue pikipiki yake ni ya kundi gani. Muulizeni fundi siku pikipiki ikiwa nzima, msisubiri iharibike.

Dalili husema nini?

Mkifungua swichi na taa zote zikabaki giza, tafuteni kwenye fyuzi na kwenye vichwa vya betri. Nati ndogo ya pale hulegea kwa urahisi, na mara nyingine fundi huikaza kwa vidole tu. Unyevu wa kwetu nao huleta ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa hivyo, na umeme haupiti vizuri. Safisheni kwa brashi mpaka chuma kionekane, kazeni kwa spana, kisha pakeni grisi kidogo kwa juu. Waya hasi ifuatilieni mpaka inapofungwa kwenye fremu au injini, maana kutu ya huko hutosha kuzuia stata. Msitegemee rangi pekee: pikipiki nyingi zina waya hasi ya kijani badala ya nyeusi.

Taa zikiwaka lakini zikafifia mara stata inapobonyezwa, betri haina nguvu, hata kama ni mpya. Wengi hushangaa hapa. Betri ya kumwagiwa asidi ikitoka dukani haijajaa. Baada ya kumwaga asidi iachwe itulie kama nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kwa saa kadhaa. Betri ya ampea-saa 5 hutakiwa kuchajiwa kwa nusu ampea hivi. Kuichaji haraka kwenye mashine ya betri za magari ni kuiua mapema. Kizibo cha bomba lake la kupumulia nacho kiondolewe, la sivyo gesi itakosa njia na betri inaweza kupasuka.

Stata ikizungusha injini vizuri lakini haishiki, iacheni betri. Angalieni swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, koki ya petroli, na mpira wa petroli kama haukubanwa wakati kiti kikirudishwa. Haya ni mambo madogo, lakini yamewahi kugharimu nauli ya fundi kutoka Tukuyu.

Fyuzi ikikatika wekeni nyingine ya ampea zilezile. Tafadhali msiziunge kwa waya wala kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue, na pikipiki yenye petroli si mahali pa kujaribia.

Kipimo cha dakika tano

Chombo kinachotakiwa ni mita ndogo ya kupimia volti. Betri iliyojaa, pikipiki ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10 hivi. Injini ikiwashwa na kupewa resi ya wastani, mita ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi, na betri mpya itakufa kama iliyotangulia. Ikipita 15, inachajiwa kupita kiasi na itachemka. Hiki cha tatu ndicho kipimo kinachorukwa mno, ingawa ndicho kinachoeleza kwa nini betri ya zamani ilikufa. Kwa maoni yangu, usharika unaonunua betri mara mbili kwa mwaka hauna tatizo la betri. Marafiki wanaochangia nao wangesaidia zaidi kwa kununua mita chache kuliko betri nyingi.

Wakati wa kupima, kamwe msichomoe betri injini ikiwa inanguruma. Umeme hupanda ghafla na kuunguza taa na kisanduku cha kuwashia. Wakati wa kufungua, anzeni na waya hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa fremu hakuna cheche.

Betri iliyokufa isitupwe mgombani wala mtoni. Ndani yake mna risasi na asidi. Irudisheni kwa muuzaji au kwa wanunuzi wa betri chakavu, na fedha itakayopatikana iandikwe kwenye daftari la pikipiki. Kuanzia robo ijayo, kila ombi la betri au stata liambatane na vipimo hivyo vitatu, tarehe betri iliyotangulia ilipofungwa, na jina la fundi aliyepima.