Madini kwa Ng'ombe Mwenye Mimba

Mfugaji wa Bagamoyo hana shida ya chumvi. Huvunwa papa hapa Nunge, na ng'ombe wetu huipenda. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba ng'ombe akisha kulamba chumvi amepata madini yote. Sivyo. Chumvi ya bahari humfanya ale na kunywa vizuri, lakini kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ni kidogo mno ndani yake, na fosforasi karibu haimo kabisa. Nazo hizo mbili ndizo zijengazo mifupa ya ndama.

Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa na siku chache. Ndama hukua zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Madini yasipopatikana malishoni, mama huyatoa katika mifupa yake mwenyewe. Miezi hiyo ikiangukia kiangazi, wakati nyasi za Msata na Chalinze zimegeuka mabua, upungufu huzidi, kwani nyasi kavu zina fosforasi kidogo.

Ukimwona ng'ombe anatafuna mifupa au kula udongo, yaelekea anatafuta madini hayo. Usimwache, wala usimtwangie mifupa uliyookota. Mfupa wa mzoga waweza kuwa na kimeta, au sumu ya kupoozesha mwili.

Kuzaa ni kazi ya misuli, na misuli haina nguvu bila kalsiamu. Ng'ombe aliyepungukiwa husukuma kwa unyonge, ndama akakawia njiani hata akafa, na kondo la nyuma likachelewa kutoka. Chotara wa maziwa, hasa tangu uzao wa tatu, aweza kuzaa kisha akalala asiinuke, masikio yakiwa baridi. Huitwa homa ya maziwa, ingawa homa yenyewe haipo! Mwite Afisa Mifugo saa ile ile amchome kalsiamu. Ukingoja kesho waweza kumkuta amekufa.

Basi nunua katika duka la dawa za mifugo mchanganyiko wa madini ulioandikwa kalsiamu na fosforasi. Jiwe la chumvi tupu halitoshi. Mpe ng'ombe mzima kadiri ya gramu 50 hadi 100 kwa siku, au kama paketi inavyoagiza, katika kihori chenye paa mvua isiyayeyushe.

Kwa chotara wa maziwa kuna jambo liwashangazalo wengi. Wiki tatu za mwisho usimlundikie kalsiamu, wala majani mengi ya lusina. Mwili uliozoea kuletewa nyingi huwa mzito kuitoa mifupani, na maziwa yaidaipo ghafula siku ya kuzaa, haipatikani upesi. Mwulize Afisa Mifugo mchanganyiko ufaao kipindi hicho. Akisha kuzaa, rudisha ule wa kwanza.

Lakini madini hayamwokoi mtamba aliyepandwa angali mdogo, nyonga zake nyembamba na dume kubwa. Mlishe vema tangu kuachishwa maziwa, wala asipandwe kabla ya kufikia kama theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake.

Wala hayamgeuzi ndama aliyelala vibaya tumboni. Chupa ya maji ikisha kutokea, saa moja ikapita, au mbili kwa mtamba, na ndama hasogei, tafuta msaada. Usikusanye vijana wavute kwa kamba kabla mjuzi hajapima kwa mkono safi na kujua kichwa kiko wapi.