Risasi, Kiasi na Fataki: Istilahi za Kuchagulia Bunduki ya Wenzo

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri hufunzwa mapema kwamba neno moja lenye maana nyingi ni utajiri kwa mshairi na ni mtego kwa mfasiri wa maandishi ya kitaalamu. Makala haya yanalichunguza neno "risasi" katika uwanja usiozoeleka kwa msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa kujiburudisha mwaka 1977. Uwanja huo ni uwindaji wa Marekani, na hasa namna mwindaji anavyochagua risasi ya kumpigia ayala kwa bunduki ya wenzo, yaani ile inayoondoa ganda tupu na kupakia jingine kwa kuvuta wenzo ulio chini ya mtambo. Lengo ni kuonyesha kuwa istilahi ikikosewa hapa, kinachopotea si ufasaha tu bali huenda ni mkono au uhai wa mtu.

Mnyama anayewindwa

Kwanza ni jina la mnyama mwenyewe. Kamusi kadhaa humwita kulungu. Hata hivyo, kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki huishi na pembe zake maisha yote, ilhali dume wa mnyama wa Marekani huangusha pembe zake zenye matawi kila mwaka na kuota nyingine. Neno "ayala", linalofahamika kwa wasomaji wa Biblia, linafaa zaidi kwani halimwingizi mnyama wa kwetu katika habari zisizomhusu.

Viungo vinne

Kitu anachokinunua mwindaji dukani kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au chuma, baruti iliyomo ndani, fataki iliyo kitakoni mwa ganda ambayo hugongwa ili kuiwasha baruti, na kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu kizima huitwa risasi, kipande kinachoruka ni risasi, na madini ya risasi pia ni risasi.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na suluhisho. Kifurushi cha baruti na risasi kilichopimwa tayari kwa mpigo mmoja kiliitwa "kiasi cha bunduki". Istilahi hii inastahili kufufuliwa. Pingamizi kwamba "kiasi" lina maana nyingine ya kawaida lina uzito, lakini muktadha na wingi wake, "viasi", huondoa utata mwingi. Hivyo basi, katika makala haya kiasi ni kitu kizima, na risasi ni kile kinachoruka pekee.

Ufaafu wa neno hili unadhihirika katika kiasi mashuhuri kuliko vyote vya bunduki ya wenzo, .30-30 Winchester. Kilitolewa mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki ya Winchester ya 1894 iliyobuniwa na John Moses Browning. Nambari ya kwanza ni upana wa mtutu, sehemu 30 katika 100 za inchi. Ya pili ni kipimo cha baruti isiyo na moshi, greni 30, yaani takriban gramu 2. Jina lenyewe linataja kiasi.

Mambo ya kuzingatia

Jambo la kwanza ni umbali. Kwa ayala wa msituni anayepigwa ndani ya mita 150 hivi, .30-30 yenye risasi ya greni 150 au 170 (takriban gramu 10 au 11) imetosha kwa zaidi ya karne. Kiasi cha .44 Magnum, kilichobuniwa kwa bastola katika miaka ya 1950, hufaa masafa mafupi zaidi, ndani ya mita 100.

Jambo la pili ni teke la bunduki begani. Kiasi cha .45-70, kilichopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1873, hurusha risasi nzito na huangusha wanyama wakubwa kuliko ayala. Hata hivyo, mwindaji anayeogopa teke hufumba macho, na anayefumba macho humjeruhi mnyama badala ya kumwua upesi.

Jambo la tatu ni sheria. Baadhi ya majimbo, kama Ohio, hudai viasi vyenye ganda lililonyooka kwa wanaowinda ayala kwa bunduki za mtutu wenye mifuo. Kwa hiyo .45-70 hukubalika, lakini .30-30, ambayo ganda lake hupungua shingoni, haikubaliki. Nalo jimbo la California, tangu Julai 2019, hukataza kuwinda kwa risasi za madini ya risasi. Mfasiri asiyetenganisha maana ataandika kwamba huko ni marufuku kuwinda kwa risasi! Anayetenganisha ataeleza kuwa mwindaji hutumia risasi za shaba.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Katika bunduki nyingi za wenzo, viasi hulala ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya risasi ya kimoja ikielekea fataki ya kilicho mbele yake. Bunduki inapopiga teke, ncha kali yaweza kuigonga fataki hiyo na kukilipua kiasi kungali bombani. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi huwa na ncha bapa au butu, au ncha laini ya plastiki iliyobuniwa mahususi kwa kazi hii. Bunduki za wenzo zenye kisanduku, kama Winchester ya 1895, hazina hatari hiyo.

Onyo likifasiriwa "risasi isiguse risasi", msomaji hataambulia kitu, kwani bombani vyote hugusana. Likifasiriwa "ncha kali ya risasi isielekee fataki ya kiasi kilicho mbele", amelindwa.

Vilevile, .30-30, .308 Winchester na .30-06 hutumia risasi zenye kipenyo kimoja, lakini viasi vyake havibadilishani kamwe. Anayeambiwa "risasi ni zilezile" amedanganywa. Kiasi sahihi ni kile tu ambacho jina lake limechongwa kwenye mtutu.

Hitimisho

Imebainika kuwa lugha haikosi maneno: ganda, baruti, fataki, risasi na kiasi yamo kamusini yakisubiri mpangilio. Kinachohitajika ni nidhamu ya kulipa kila neno kazi moja na kulishikilia hadi mwisho wa matini. Mfasiri wa maagizo ya dawa, ya umeme au ya mashine anakabiliwa na wajibu uo huo. Msomaji wake hana kamusi mkononi, ana chombo.