Sidiria Inayopiga Picha

Wanachama wenzangu, msicheke kichwa hiki. Jambo lenyewe ni zito.

Canan Dagdeviren, mwanasayansi kutoka Uturuki, hufundisha katika chuo cha MIT, Marekani. Anti yake alikuwa akipimwa kila mara, lakini saratani ya matiti ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha komaa. Alikuwa na miaka 49 tu wakati huo, na baada ya miezi sita akafariki. Kando ya kitanda chake ndipo Canan alipochora kifaa cha kuvaliwa, maana uvimbe mwingine huchipuka katikati ya kipimo kimoja na kingine.

Kifaa hicho kilitangazwa mwaka wa 2023. Kuna kipande chenye matundu kama sega la nyuki, nacho hushikamana na sidiria kwa sumaku. Chombo kidogo hupachikwa hapo, kikatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mawimbi yakigonga kitu mwilini, hurudi. Ni mwangwi ule ule wa somo la Fizikia (popo naye huutumia!), ila huu hugeuzwa picha.

Mama mmoja wa miaka 71 alijaribiwa nacho, kikaona vifuko vya maji vidogo hadi kufikia sentimita 0.3, kama punje ya mtama. Tusidanganyane lakini: vile havikuwa saratani, tena kifaa kilibidi kiunganishwe na mashine kubwa ya hospitali.

Nilipomsimulia mama, aliuliza, "Itafika Gikomba lini?" Tukacheka sana. Kisha akasema yeye hajawahi kupimwa. Jumamosi tulienda naye kliniki, muuguzi akamkagua na kumfunza kujipapasa mwenyewe kila mwezi.