Utitiri Wekundu wa Nyanya Katika Vitalu Nyumba: Maelezo kwa Wakulima wa Machame

Mkulima wa Machame, huenda umekopa fedha ukajenga kitalu nyumba kando ya kihamba chako, ukitumaini kuuza nyanya Kwa Sadala au Boma Ng'ombe wakati ambapo mashamba ya nje hayana kitu. Nailoni iliyo juu ya kitalu huzuia mvua, na majani yasipolowa baka jani hupungua. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaosha utitiri majanini. Ndani ya kitalu hakuna wa kuwaosha, joto ni jingi na hewa ni kavu. Basi huzaana upesi, nao waweza kuua miche yote kabla hujalipa deni.

Utitiri si mdudu hasa. Akiisha kukua ana miguu minane kama buibui, naye ni jamaa ya kupe. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa siku kumi hivi, na jike mmoja aweza kutaga mayai mia na zaidi. Tena jike asiyepata dume hutaga pia, na mayai yake hutoa madume, ambao hatimaye humpanda mama yao. Kwa hiyo jike mmoja aliyeingia amenasa katika nguo yako atosha kuanzisha kizazi kizima.

Wenye kahawa wanajua jani linalogeuka rangi ya kutu wakati wa kiangazi, hasa kandokando ya njia yenye vumbi, mahali pasipo kivuli cha migomba. Hiyo ni kazi ya utitiri wa kahawa, naye hukaa juu ya jani. Wa nyanya hukaa chini ya jani, na hapo ndipo wengi wanapokosea: hutazama juu, wakaona vidoadoa vyeupe, wakadhani mche umekosa mbolea, wakaongeza mbolea ya chumvichumvi. Jani lililoshibishwa mbolea hiyo huwalisha utitiri vizuri zaidi. Geuza jani. Likung'ute juu ya karatasi nyeupe, ukatazame kama kuna nukta zinazotembea. Zipanguse kwa kidole, nazo huacha alama nyekundu. Ukingoja mpaka uone utando kama wa buibui, umechelewa sana.

Aliye mbaya kuliko wote asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Afrika alionekana Zimbabwe mwaka 1979, na Kenya mwaka 2001. Hupenda nyanya, na mnavu pia. Mnavu tunaupenda kwa mboga, wala hatukuambii uache kuupanda, bali usiuache ukaota mlangoni pa kitalu. Wako utitiri wanaokula utitiri wenzao, na katika mashamba ya maua ya waridi huko Kenya hufugwa na kuachiliwa kwa kazi hiyo. Lakini yule anayetumika sana hastawi akila utitiri huyu wa nyanya. Usitoe fedha yako kumnunua kabla ya bwana shamba kutambua ni utitiri gani ulio nao.

Tangu kantangaze alipoonekana katika nchi yetu mwaka 2014, wakulima wamezoea kupiga dawa mara kwa mara. Dawa nyingi, hasa zile zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga pareto, huua viumbe wale wadogo wanaowala utitiri, na utitiri wenyewe hubaki. Mtu huongeza dawa, na utitiri huongezeka.

Basi, ukiwaona katika miche michache, ondoa majani yaliyoshikwa, uyatie katika mfuko papo hapo, ukayachome. Usiyapitishe wazi katikati ya miche mizima. Sehemu yenye utitiri ihudumiwe mwisho wa siku, na nguo zifuliwe. Kisha nyunyiza maji ya sabuni ya mche, gramu 10 kwa lita moja, ukielekeza bomba chini ya majani, jioni. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku mbili uone kama hayaungui. Sabuni ya unga isitumike. Sabuni huua yule tu inayemgusa, wala haiui mayai; kwa hiyo rudia baada ya siku tano, na tena baada ya tano nyingine. Kumwaga maji njiani ili hewa iwe na unyevu husaidia kidogo, lakini ukizidisha utarudisha baka jani, nasi twaona hiyo ni hasara kubwa zaidi.

Wakizidi, tumia dawa ya utitiri yenyewe, kama abamektini. Salfa nayo husaidia, ila huunguza majani jua likiwa kali. Usirudie dawa ya kundi moja kila mara, maana wanaobaki hai huzaa watoto wasiosikia dawa hiyo. Tazama namba ya kundi katika kibandiko cha chupa, na siku za kungoja kabla ya kuchuma.

Mavuno yakiisha, usiache miche ikauke ndani ya kitalu. Utitiri wakikosa chakula hupanda juu ya kilele cha mche, wakachukuliwa na upepo hata kwa jirani. Ing'oe ikiwa mibichi, uichome, palilia ndani na pembeni, ukaoshe kamba na vijiti kabla ya kuleta miche mipya.