SOMO LA KOMPYUTA: NANI ASHIKE LANGO LA KASI?



Prosesa ndiyo inayofanya hesabu nyingi ndani ya kompyuta. Kasi yake hupimwa kwa gigahezi; gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Mwaka 2008 kampuni ya Intel ilileta Turbo Boost, na mwaka 2010 AMD ikaleta Turbo Core. Kwa njia hizi prosesa hupanda juu ya kasi yake ya kawaida kwa muda, maadamu joto na umeme vinaruhusu. Je, mfumo endeshi umpe mwenye kompyuta uwezo gani juu ya kasi hiyo ya ziada?

1. Gharama ya kasi

Kasi ikipanda, kwa kawaida volti nayo hupanda. Umeme unaotumika hufuata kasi mara volti mara volti. Tukiongeza kila kimoja kwa asilimia 10:

1.1 x 1.1 x 1.1 = 1.331

Yaani tumepata kasi asilimia 10, tumelipa umeme asilimia 33. Umeme huo wote hugeuka joto. Nasi Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu. Vumbi likiziba matundu, hali huwa mbaya zaidi.

2. Mfano wa mfereji

Wakulima wa miteremko ya Meru hugawana maji ya mfereji kwa zamu. Lango hufunguliwa kwa kutazama shamba na wakati, si kwa sababu maji yapo. Kasi nayo ni hivyo. Kufungua faili ni kazi ya sekunde chache: kasi ya ziada huimaliza upesi, prosesa ikapumzika. Hesabu ya saa tano, au kuandika insha umeme ukiwa umekatika na nyumba ina laptop moja, ni jambo jingine. Hapo betri ndiyo mali.

3. Malango yaliyopo

Katika Linux kuna faili liitwalo boost: ukiandika 1 unawasha, 0 unazima. Lakini prosesa nyingi za Intel hutumia faili jingine, no_turbo, ambalo 1 huzima na 0 huwasha! Katika Windows, wengi huzima kwa kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Nani angebuni kwamba asilimia 1 ina maana hiyo?

4. Lango jema

(a) Lionekane na liitwe kwa jina linaloeleweka.
(b) Alama moja iwe na maana moja kila mahali.
(c) Litofautishe umeme wa ukutani na betri.
(d) Limwonyeshe mtumiaji anacholipa: joto na dakika za betri.

Kinga ya joto kali imo ndani ya prosesa yenyewe, nayo hushusha kasi bila kuuliza. Kwa hiyo lango hili ni la uamuzi, na uamuzi ni haki ya mwenye betri.

MASWALI

1. Kasi na volti zikipanda kwa asilimia 20 kila kimoja, umeme utaongezeka kwa asilimia ngapi?
2. Taja kazi moja ya nyumbani inayofaa kasi ya ziada na moja isiyofaa. Toa sababu.