Kifaranga Mzima Aweza Kuleta Maradhi

Watoto hupenda kuwashika vifaranga, na pengine huwabusu. Lakini kuku aonekanaye mzima kabisa aweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela tumboni mwake. Vijidudu hivyo hutoka pamoja na mavi, vikashika katika manyoya, miguu, mayai na udongo wa banda. Mtoto ashikaye kifaranga, kisha akala bila kunawa, huvimeza.

Baada ya saa 6 hadi siku 6 huanza kuhara, kuumwa na tumbo na kushikwa na homa. Watu wengi hupona kwa muda wa siku 4 hadi 7. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 5 aweza kupungukiwa na maji mwilini, hata akafa.

Kinga yake si ghali. Kila amshikaye kuku au asafishaye banda na anawe mikono kwa sabuni na maji ya kumiminwa, kwa sekunde 20. Watu wasinawe pamoja katika beseni moja. Kuku wasilazwe jikoni. Na mtoto aharaye apewe maji ya kunywa mara kwa mara, apelekwe zahanati upesi.