TASA AU SI TASA? KISA CHA 4,294,967,297

Wapo wenzetu wasemao ati Hesabu haizungumziki kwa Kiswahili. Hebu tujaribu kwa nambari moja tu: 4,294,967,297.

Kwanza tuelewane. Nambari tasa ni ile inayozidi 1 na ambayo haigawanyiki bila kubakisha ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 7 au 13. Jina linaifaa kabisa: haizai.

Sasa chukua 3. Toa 1, ibaki 2. Zidisha 2 kwa 2, kisha ongeza 1. Umepata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo: 4 mara 4 ni 16, ongeza 1, ni 17. Ukiendelea utapata 257, halafu 65,537, halafu nambari yetu ya leo.

Mnamo mwaka wa 1640, Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa sana hesabu, alieleza imani yake kwamba nambari zote za mfuatano huu ni tasa. Na kweli, tano za kwanza ni tasa. Ya sita je? Ilikuwa kubwa mno, na kikokotoo hakikuwapo!

Ilipita miaka zaidi ya 90. Mwaka wa 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi mjini St Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba nambari hii inagawanyika kwa 641. Usiniamini mimi, shika kalamu:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Basi si tasa! Lakini 641 inapatikanaje? Si kwa kubahatisha. Iko kanuni ambayo Euler mwenyewe aliithibitisha: nambari tasa yoyote inayoigawanya hii yetu, ukiigawanya kwa 64 ni lazima ibakishe 1. Kwa hiyo achana na 7, 11, 13 na nyinginezo. Zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu, kazi imekwisha!

Hadi leo, baada ya 65,537, hakuna nambari nyingine tasa iliyopatikana katika mfuatano huo.

Kisa hiki kinatuhusu sisi. Tukiambiwa darasani tuthibitishe kanuni, wengi hujaribu 1, 2 na 3, zikikubali huandika "imethibitishwa" na kufunga daftari. Mifano mitano inayokubali haitoshi kuisimamisha kanuni, bali mmoja unaokataa watosha kuiangusha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, ila hawakusema kila wingu hunyesha.